Dirisha la Mjomba Dodong

Asubuhi ile Amihan alikuwa anavaa soksi, moja juu ya nyingine, huku mjomba wake anakaanga samaki wakavu. Nyumba nzima ilinuka pwani. Mjomba Dodong alikuwa na siku ya nne tu Winnipeg, katoka kwao Cebu, kisiwa cha joto mwaka mzima. Huko nje baridi ilikuwa imeshuka nyuzi thelathini chini ya sifuri.

"Mpwa wangu, mnaishije humu? Joto kama tanuri la mikate!"

Akaikaza koki ya bomba la maji ya moto la kupasha nyumba joto, lile lililo chini ya dirisha, mpaka likazima. Halafu akafungua dirisha.

"Eeh, hewa! Na majirani wapate harufu ya bure."

Amihan aliona. Mtoto yeyote wa Winnipeg anajua dirisha la Januari halichezewi. Lakini mjomba ni mkubwa, tena mgeni. Na Amihan ni mtu wa kusema "ndiyo" huku moyo unasema "hapana". Akabeba mkoba wake, akaenda shule.

Aliporudi, ngazi zilikuwa zinatiririka maji.

Bomba lilikuwa limeganda, likapasuka. Mama yake, Perlita, ndiyo kwanza katoka kazini. Bado kavaa sare ya hospitali, kapiga magoti, anakausha sakafu kwa mataulo. Mjomba kashika ndoo, anakinga maji. Nyumba ya chini, kwa mzee Desrosiers, maji yalikuwa yanadondokea kitandani.

"Dada," mjomba akanong'ona, "tuseme dirisha lilikuwa bovu. Limejifungua lenyewe. Nani atajua? Mkataba wako wa kupanga si unaisha mwezi huu? Watawafukuza kwa ajili yangu!"

Mama akakamua taulo ndooni. Mkataba ulikuwa umebakiza siku kumi, na Bwana Friesen, mwenye nyumba, alikuwa hajasema kama atawaongezea. Walikaa miaka sita kwenye vyumba vya chini ya ardhi kabla ya kupata nyumba hii inayoingia jua.

Mlango ukagongwa. Akaingia Olha, mtunza jengo, spana kiunoni. Alishafunga maji huko chini. Akalitazama bomba, akalitazama dirisha.

"Nani kalifungua hili?"

Mjomba akatazama ndoo. Mama akasimama, magoti yanachuruzika.

"Mgeni wangu," akasema. "Kaka yangu huyu. Hajui baridi ya huku. Lakini mlango nimemfungulia mimi, na mimi sikumwambia kitu. Basi niandike mimi."

Amihan hakuwahi kuona mtu mfupi namna ile akawa mrefu namna ile.

Olha akashusha pumzi. "Wengine wote huniambia ni upepo. Upepo wa jengo hili, Perlita, nadhani una vidole!" Akakaa kwenye kiti. "Sikiliza. Mgeni hakusaini mkataba. Umesaini wewe. Akivunja kitu, akimpigia jirani kelele, ni kama umefanya wewe. Mwenye nyumba atakuuliza wewe."

"Hata kama nilikuwa kazini?"

"Hata kama ulikuwa kazini. Ndiyo maana mgeni huambiwa taratibu za nyumba siku ya kwanza, kabla hajamaliza chai. Akitaka kukaa sana, soma mkataba uone kama unatakiwa kutoa taarifa. Na kitu kikiharibika, niite saa ileile. Wewe unaweza kuficha. Maji hayafichi."

"Lakini kwetu mgeni haambiwi," mjomba akasema polepole. "Ni aibu."

"Bwana mkubwa, aibu ipi kubwa? Wewe kuambiwa, au kitanda cha mzee kuogelea?"

Mjomba akachukua taulo, akapiga magoti kukausha sakafu.

Mama akashuka chini kwa mzee hivyohivyo, na sare yake mbichi. "Baba, nisamehe. Ni mgeni wangu, kwa hiyo ni mimi. Leo utalala chumbani kwangu. Mablanketi nitayafua, na godoro ni juu yangu."

Mzee Desrosiers akatazama dari. "Na mimi nilidhani hatimaye wameniwekea bafu chumbani."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale hapakuwa na shamba, basi Mjomba Dodong alipewa koleo la theluji. Kila asubuhi alisafisha njia toka ngazini mpaka barabarani, halafu akalifukua gari la mzee. Hakutumwa mara ya pili.

Bwana Friesen alikuja kuliona bomba jipya. "Gharama hii ni yako," akamwambia Mama.

"Ni haki," Mama akasema.

Ndipo Bwana Friesen akatoa karatasi mfukoni. Mkataba wa mwaka mwingine. "Mpangaji anayesema ukweli siku ileile simwachi aende."

Mama alisaini palepale. Kisha akaandika taratibu za nyumba, akazibandika kwenye friji.

Jumapili simu ya Mama ikalia mlio wa ujumbe. Mama mkubwa Ising, dada yao wa kwanza, anakuja Februari. Huyo akishika maikrofoni ya kuimbia, mtaa mzima haulali.

"Nani atamwambia?" Mama akauliza.

"Si mimi," mjomba akaruka. "Yule kanilea kwa mwiko!"

"Mimi mwenyewe namwogopa."

Wote wawili wakaitazama friji. Amihan akaichukua simu. Vidole vilikuwa baridi kuliko dirisha. Akaandika:

"Shikamoo mama mkubwa. Karibu sana, tumekukumbuka. Nyumbani kwetu dirisha hatufungui wakati wa baridi, na joto hatuzimi. Kuimba mwisho saa tatu usiku, hata kama wimbo haujaisha. Ukikosea wewe, tumekosea sisi."

Akatuma. Alama mbili zikageuka buluu. Kasoma.

Wakasubiri. Samaki wakaiva, wakaliwa, vyombo vikaoshwa. Jibu hakuna.

"Ufute," mjomba akamnong'oneza. "Kabla hajajibu."

"Hapana," Amihan akasema, na moyo ukasema vilevile.