Seva Iliyozimika Siku za Jivu

Je, mtambo unaweza kuuawa mara kumi na moja pasipo mtu yeyote kuuona mkono unaoua? Inspekta Kanini alijiuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba kidogo katika Eneo la Viwanda, Thika, asubuhi ya Alhamisi moja ya mwaka 1999.

Jibu alilokuwa nalo tangu Jumanne lilikuwa limekufa nusu saa iliyopita.

Juu ya rafu, seva ya kampuni ya Daraja Mtandao ilikuwa kimya. Taa yake ndogo ya kijani haikuwaka. Humo ndimo zilimohifadhiwa kurasa za intaneti za wateja wote, wakiwamo wakulima wa maua wa Ruiru waliotafuta wanunuzi ng'ambo. Seva ikizimika, kurasa hizo hutoweka duniani kote kwa pamoja.

"Saa tatu na dakika hamsini," alisema Fahim, mwenye kampuni, akionyesha daftari lake. "Imejizima tu, vilevile kama zile mara kumi."

"Na Munyao yuko wapi?" aliuliza Kanini, ingawa alijua.

Sajini Odhiambo alikohoa. "Yuko kwetu, Afande. Seli namba mbili."

Philip Munyao alikuwa fundi wa seva hiyo. Kwa wiki tano ilikuwa imezimika kila Jumanne na kila Ijumaa. Jumanne Fahim huenda Nairobi, Ijumaa huenda msikitini, na siku zote mbili fundi hubaki na ufunguo. Tena alikuwa amegombana na bosi wake na kutamka mbele ya watu, "Siku nikiondoka, mtaona kama mtambo huu utawaka." Kanini hakuhitaji zaidi ya hayo. Alimkamata Munyao nyumbani kwake Makongeni wakati wa chakula cha mchana, akamtembeza kwa miguu, amefungwa pingu, kupita madukani hadi barabara kuu. Gari la polisi lilikuwapo. Alichagua miguu. Hiyo ilikuwa kesi ya kwanza ya kompyuta mjini Thika, naye alitaka ionekane.

Kesho saa tatu asubuhi Munyao angesomewa shtaka la kuharibu mali kwa makusudi.

"Nani huingia chumba hiki?" aliuliza.

"Nilikwambia Jumanne. Mimi na Munyao. Funguo ni mbili tu."

Kanini alivaa glavu, akachukua tochi. Kingo za dirisha zilikuwa na jivu jepesi la kijivu. Jivu lilikuwa pia juu ya betri ya akiba, na nyuma ya rafu lilikuwa limejikusanya juu ya nyaya. Alimulika mgongo wa seva, penye matundu ya kupitishia hewa. Matundu yale yalikuwa safi kabisa.

Alitazama tena. Chumba kizima kilikuwa na jivu isipokuwa mahali pamoja.

"Jivu hili linatoka wapi?"

"Kiwanda cha jirani," alisema Fahim. "Wanakung'uta tanuri lao Jumanne na Ijumaa. Tumelalamika mpaka tukachoka."

Jumanne na Ijumaa. Zilikuwa siku zilezile za kuzimika. Kisha, kwenye tundu la mwisho, mwanga wa tochi uliangukia uzi mfupi wa sufi, wa rangi ya machungwa. Aliuchomoa kwa kibano na kuutia ndani ya bahasha ya vielelezo.

*

Munyao hakuinuka alipofunguliwa mlango wa seli.

"Imezimika tena," alisema Kanini.

"Na mimi niko hapa. Ama nimeizima kwa maombi?"

"Nieleze inavyoweza kuzimika."

"Madam, nilikueleza Jumanne. Uliweka kalamu chini."

Ilikuwa kweli. Kanini alikumbuka hata sauti ya kalamu ilipogusa meza. Akaitoa tena kalamu mfukoni.

"Nieleze tena. Safari hii nitaandika."

Munyao aliitazama kalamu. "Ndani yake kuna kipimajoto. Joto likizidi, mtambo hujizima wenyewe usije ukaungua. Nimesafisha feni. Nimebadilisha feni. Lakini kila nikiingia nakuta hewa inapita sawasawa, na joto halina sababu. Nikafikia hatua ya kutoamini macho yangu."

"Na maneno uliyomtolea Fahim?"

"Alimpeleka binamu yake mafunzoni Nairobi, na huyo binamu hajui hata kuiwasha. Nilikasirika. Hasira si bisibisi, Madam."

Odhiambo, aliyekuwa mlangoni, alijizuia asicheke.

"Kuna Ijumaa uliyosema ulikuwa Ruiru," Kanini alisema polepole.

"Sasa ndiyo unaikumbuka? Nilikuwa kwa wale watu wa maua tangu asubuhi hadi saa tisa. Niliweka sahihi langoni. Nilikwambia, ukaniuliza kama nakufundisha kazi." Alisugua vifundo vya mikono, palipobaki alama za pingu. "Mke wangu alikuja jana. Mwenye ploti tunakopanga amemwambia tutafute kwingine, hataki wahalifu. Miaka sita tumekaa hapo."

Kanini aliandika kila neno.

*

Huko Ruiru, bawabu wa kampuni ya maua alilaza kitabu cha wageni juu ya goti. Sahihi ya Munyao ilikuwa pale: aliingia saa mbili unusu, akatoka saa tisa na dakika tano. Siku hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za mtambo, seva ilizimika saa sita na dakika arubaini.

"Huyu kijana ni wa heshima," alisema bawabu. "Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya chochote," alisema Kanini. Alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi, na jinsi alivyochelewa kuyasema.

Garini Odhiambo alingoja mpaka wapite mzunguko wa barabara. "Afande, ingechukua nusu saa tu kukagua hiki kitabu Jumanne."

"Najua, Sajini."

"Sisemi kwa ubaya."

"Sema tu. Ni haki yako."

*

Saa nane mchana walirudi Daraja Mtandao. Kanini aliketi mapokezini, na kwa mara ya kwanza akapatazama. Simu ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye ukingo wa rangi ya machungwa. Redio ilikuwa na chake. Chupa ya chai ilikuwa na chake. Hata kiti cha Fahim kilikuwa kimevalishwa mgongoni.

Mwanamke wa makamo alipita na ndoo ya deki. Alichomoa ufunguo mfukoni mwa aproni, akafungua chumba cha seva.

"Mama, ufunguo huo ni wa nini?"

"Huu?" Aligeuka, ameshangaa. "Ni wa deki."

Fahim alitoka ofisini kwake. "Lakini huyo ni Mama Becky," alisema, kana kwamba hilo lilimaliza habari.

Jina lake kamili lilikuwa Perez Ajwang. Alipika chai na kupiga deki. Jumanne alikuwa amemmiminia Kanini vikombe viwili.

"Keti, Mama Becky."

"Nikikaa, sakafu itapigwa na nani?"

"Keti tafadhali."

Kanini alifungua bahasha, akaulaza uzi juu ya karatasi nyeupe. Perez aliutazama. Kisha, pasipo kuulizwa, aliinama chini ya meza ya chai, akatoa kikapu chake, na kutoka kikapuni akatoa kifuniko kikubwa kama cha mto. Nje kilifumwa kwa ustadi, maua meupe na ukingo wa machungwa. Ndani kilishonewa kipande cha blanketi.

"Nilikifuma mwenyewe," alisema. "Bosi alisema huo mtambo ni wa maana kuliko gari lake. Jivu likianza kuanguka linaingia dirishani. Nikaona ni aibu kitu cha maana kukaa uchi. Kwangu hata redio ina nguo."

"Ukaufunika ukifanya kazi?"

"Kazi gani, Madam? Hakuna mtu ameukalia. Kioo ni cheusi. Kitu kikitumika, si kuna mtu mbele yake?"

Odhiambo alicheka, halafu akanyamaza ghafla. Televisheni ya nyumbani kwake ilikuwa na kitambaa cha aina hiyo hiyo.

"Na walipokuja kuutazama, kifuniko kilikuwa wapi?"

"Nikisikia tu 'imezimika', mimi ndiye nakimbia kuwafungulia. Nakitoa kwanza. Wageni wakija kuona tivii, utaiacha imefunikwa?"

"Ulijua lini kwamba ndicho kinachoizima?"

Perez alikunja kifuniko mara mbili, akakikunjua.

"Jumanne. Bosi aliposema mmemshika Philip, akacheka: eti jamaa kila siku ni joto, joto. Nikaingia nikagusa nguo yangu, maana nilikuwa nimeufunika tena. Ilikuwa moto kama chapati inayotoka jikoni."

"Hukusema."

"Ningesemaje? Siku moja niliita kompyuta televisheni, wakanicheka mwezi mzima. Philip peke yake ndiye hakucheka." Alikikunja kifuniko tena. "Yeye ndiye hakucheka, na yeye ndiye nimemfunga."

"Mama Becky, leo ni Alhamisi. Leo hakuna jivu. Kwa nini ulifunika leo?"

Perez alilikamua tambara la deki juu ya ndoo.

"Leo nilifunika kusudi," alisema hatimaye. "Hizo kumi sikujua. Ya leo nilijua. Nilitaka uzimike Philip akiwa kwenu, mwone si yeye. Nilitaka mtambo useme ili mimi nisiseme. Niliona aibu, Madam. Hakuna sababu nyingine."

"Kusudi!" Fahim alipaza sauti. "Umesikia? Amekiri! Watu wa Ruiru wako karibu kunihama kwa sababu ya sweta la mtambo! Mshike huyu!"

"Bwana Fahim, uliniambia funguo ni mbili."

"Nilisahau."

"Hukusahau. Hukumhesabu." Kanini aliinuka. "Wala mimi sikumhesabu. Nilikunywa chai yake, nikamrudishia kikombe, na sikumuuliza hata jina."

*

Saa kumi alasiri walikuwa wamesimama ofisini mwa mkuu wa kituo: Kanini, Odhiambo, Fahim, Perez na kikapu chake, na Munyao aliyeletwa kutoka seli bila pingu. Perez alimweleza Munyao yote mwenyewe. Munyao alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na Perez alipomaliza, yeye alisema tu, "Mama Becky, ungeniambia mimi." Perez alijifunika uso kwa leso.

Mkuu wa kituo aliifunga faili kwa upole. "Basi limekwisha. Andika kwamba ushahidi hautoshi. Kijana atoke jioni hii kimyakimya, kesho mwendesha mashtaka aondoe kesi, na hakuna atakayeuliza. Nawe, Inspekta, una miaka kumi na minne ya kazi safi. Usiichafue kwa sababu ya blanketi."

Ilikuwa njia rahisi, na mkuu aliitoa kwa nia njema. Kanini aliitazama faili. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya mshukiwa ya Jumanne, ukurasa mmoja na nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa tupu kwa sababu yeye aliona amekwisha kusikia ya kutosha. Akawaza jinsi "ushahidi hautoshi" utakavyosikika kwenye ploti ya Makongeni. Kwamba huenda ni yeye. Kwamba polisi walishindwa tu kumpata.

"Hapana, Afande," alisema.

Wote walimgeukia.

"Kesho saa tatu nitaingia mahakamani mwenyewe. Nitamwambia hakimu kwamba Philip Munyao hana kosa lolote, wala si kwamba ushahidi haukutosha. Perez Ajwang sitamshtaki. Atakuwa shahidi wangu. Kisha nitamweleza hakimu kwamba mshukiwa alinipa jina la mahali alipokuwa nami nikakataa kuliandika, na kwamba nilimtembeza kwa pingu kwa sababu nilitaka kutazamwa. Nitaomba maneno hayo yaandikwe, na nitaomba nichunguzwe."