Kurasa Zilizogoma

Mzee Soli alikuwa fundi viatu. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, maana nusu ya mtaa ilitembea juu ya soli alizobandika yeye. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kila asubuhi alipanga viatu mezani, vilivyopona upande huu, vinavyougua upande ule. Kisha aliwasha redio na kutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Kichwa cha habari gazetini alikisoma. Habari yenyewe aliiona kama sisimizi walioshikwa na haraka.

Chumba cha mbele kilikuwa cha binti yake, mshona nguo. Humo mlikuwa na cherehani, marobota ya vitambaa, na kompyuta ya kuchorea mishono ya kudarizi. Dirishani palikuwa na meza tupu. Hapo ndipo marehemu mke wa Mzee Soli alipokuwa akikaa na mashine yake.

Mtaani walimwita Mama Taipu. Alipiga taipu ofisini mpaka akastaafu, kisha akaendelea nyumbani, safari hii mambo yake mwenyewe. Mumewe akiingia, alifunika mashine kwa kitambaa.

"Unaandika nini, mama watoto?"

"Nakuandika wewe. Utasoma nikimaliza."

"Basi niandike vizuri."

"Nitakuandika ulivyo. Hebu nenda kashone viatu."

Maradhi yalimwahi kabla hajamaliza. Baadaye mvua ilipenya darini, karatasi zikawa uji. Bahati nzuri mtoto wao wa kiume, anayefanya kazi nchi ya mbali, alikuwa amezipiga picha kwa simu alipokuja kumuuguza mama yake. Juzi alizikusanya kuwa faili moja la PDF, akalituma kwa dada yake.

Mzee Soli aliiacha gundi ikauke mkononi. Alikaa mbele ya kompyuta kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

Kurasa zilikuwepo. Alizitambua kwa pambizo pana aliyoipenda mkewe. Lakini herufi zilikuwa ndogo, tena hafifu. Binti alizikuza. Mstari ukapasuka, nusu ukabaki kwenye kioo, nusu ukatokomea pembeni. Mzee alifuata neno la kwanza, akasukuma ukurasa kulia, akalipata la mwisho. Aliporudi kushoto alikuwa ameshapoteza mstari.

"Nikusomee, baba?"

"Hapana, mwanangu."

"Kwa nini? Sauti ninayo."

"Maneno ya mke kwa mume hayapiti mdomoni mwa binti. Utanitia aibu, nami nitakutia aibu."

Binti alijaribu kuzinakili herufi ili azibandike mahali pengine azifanye kubwa. Hazikunakilika. Alijaribu kuandika ndani ya ukurasa. Kibodi iligonga, ukurasa ukanyamaza kama ukuta.

"Linagoma, baba. Linakubali kutazamwa tu."

Mzee Soli aliinua macho taratibu. "Amenifungia."

"Nani?"

"Mama yako. Si alikuwa akifunika mashine nikiingia? Alisema nitasoma akimaliza. Hakumaliza. Basi amefunga."

"Baba, mama hata hakuwahi kuishika kompyuta hii."

Lakini mzee alishasimama. Alirudi kibandani, na siku hiyo hakuwasha redio. Aligonga misumari kwa nguvu kuliko kawaida. Usiku alilala upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha wazi kama alivyozoea. Alitaka kusikia jambo moja tu, mama watoto alisema nini juu yake. Waliishi pamoja maisha mazima, wakicheka na kununiana, na bado hakujua.

Asubuhi binti aliona tangazo kwenye simu. *Tuma faili lako hapa, tutalifungua bure.* Tangazo lilitaka barua pepe yake na neno lake la siri. Kidole chake kilikuwa karibu kubofya. Akasita, akamwita baba yake. Wakaliweka faili kwenye flashi, wakavuka barabara hadi kwa Mama Karatasi.

Mama Karatasi alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wake haukulala.

"Mzee Soli! Leo umekuja kwa miguu yako? Au umeleta vile viatu vyangu ulivyoviteka?"

"Viatu vyako viko hospitali. Visigino umevila vyote kwa kunizungumza vibaya mtaani."

"Ningekuzungumza vibaya, ungehama. Haya, kaeni."

Binti alieleza. Alipofika kwenye lile tangazo, Mama Karatasi alimkata.

"Hilo liache kabisa. Ukituma faili kwa watu usiowajua, nakala wanabaki nayo. Na neno lako la siri ni ufunguo wa nyumba. Huwezi kumpa mpita njia eti kwa sababu anatabasamu."

Alichomeka flashi, akalifungua faili, akamgeuzia mzee kioo.

"Unasema mkeo kakufungia?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Faili lenye kufuli huuliza neno la siri. Hili limekuuliza?"

"Halijauliza kitu."

"Basi kufuli hamna. Lenye kufuli, unamwendea mwenye nalo, unamwomba neno la siri. Halivunjwi kama mlango wa jirani." Akamvuta binti karibu. "Sasa tazama. Buruta kipanya juu ya neno lolote. Neno likipata kivuli, kompyuta inalijua kuwa ni neno. Unaweza kulinakili, ukalibandika kwenye programu ya kuandikia, kazi ikaisha."

Binti alikiburuta. Hakuna kilichobadilika.

"Umeona? Hizi ni picha. Mzee Soli, nikikuletea picha ya kiatu, utanibandikia soli?"

"Nitabandika soli kwenye picha? Umeanza kuchanganyikiwa."

"Ndivyo inavyosema kompyuta. Kijana wenu alipiga picha. Wewe ukitazama unaona maneno. Yenyewe inaona weupe na weusi tu. Haiwezi kukuza herufi ambazo haijui kuwa ni herufi."

Mzee aliinamia kioo. "Kwa hiyo si hasira zake?"

"Hasira za nani? Mkeo alikuja hapa kununua utepe wa wino, akikutaja kwa kicheko tangu mlangoni. Mtu mwenye hasira na mumewe hamsemi hivyo."

"Alikuwa akisema nini?"

"Kilichosemwa dukani hubaki dukani. Kasome mwenyewe."

Akaanza kazi. Kwanza alitoa nakala ya faili, ile ya asili akaiweka kando isiguswe. Kurasa zilizopinda alizinyoosha, zilizofifia akaziongezea weusi. Kisha akafungua programu ya kutambua maandishi.

"Hii hutazama umbo la kila herufi, ikasema hii ni a, hii ni b. Iko humu humu kwenye kompyuta, haipeleki chochote nje. Na hapa uangalie vizuri, binti. Lazima uiambie lugha. Usipochagua Kiswahili, itasoma kwa lugha nyingine, na utapata maneno ambayo hata kichaa hayasemi."

Walisubiri. Kisha pakatokea ukurasa mpya, mweupe, wenye maneno. Mama Karatasi aliburuta kipanya. Kivuli kikapita juu ya mstari mzima. Alibofya, herufi zikavimba kama unga wa mkate. Mstari haukutokomea. Ulipofika ukingoni, ulishuka wenyewe chini.

Mzee Soli alisoma kwa sauti neno moja. "Fundi." Akaligusa kwa kidole. "Ni mimi."

"Usishangilie mapema," alisema Mama Karatasi. "Programu hukosea. Pale penye doa hubahatisha. Huchanganya l na i, herufi o huifanya sifuri. Lazima msome neno kwa neno, mkilinganisha na picha. Na mnisikilize. Sahihisheni makosa ya kompyuta. Msimsahihishe mwenye maneno."

Nyumbani kazi ya kulinganisha ilileta mtihani. Mzee hakuona vizuri picha ya asili, na hakutaka binti aone maandishi. Baada ya kukuna kichwa alikwenda kibandani, akarudi na maboksi anayokatia soli. Alikata dirisha jembamba katikati ya boksi moja, akalibandika juu ya kioo.

"Hapo utaona neno moja tu."

"Baba, hii kompyuta inafanana na kuku aliyefungwa bandeji."

"Kuku huyo ni wangu. Soma neno."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Mzee alisoma maandishi makubwa peke yake, boksi likiwa limebanduliwa. Akikuta neno lisiloeleweka, alilirudisha boksi na kumwita binti, ambaye aliacha cherehani, akachungulia picha kupitia tundu la boksi, akalisoma na kulirekebisha. Siku za kwanza mzee alishika kipanya kama nyundo. Baadaye aliweza kurekebisha mwenyewe, kwa kidole kimoja, akinong'ona kila herufi.

Akiwa kwenye cherehani, binti alimsikia akicheka peke yake. Mara akasema, "Uongo huo, mama watoto," kama mtu anayejibizana na aliye chumba cha pili.

Siku moja alimwita kwa ukali.

"Njoo ufute hapa."

"Kompyuta imekosea?"

"Mama yako ndiye aliyekosea. Tulipogombana, wewe hujazaliwa, akarudi kwao. Ameandika kwamba nilichelewa kumfuata. Sikuchelewa! Nilikuwa na viatu vya watu."

Binti alisimama mbali na kioo. "Picha inasemaje?"

"Nimeikuza, nikafuata neno moja moja. Inasema hivyo hivyo."

"Basi baba, hilo si letu kulifuta."

"Mimi ndiye niliyekuwepo!"

"Na yeye alikuwepo. Ukilifuta leo, kesho utafuta jingine. Mwisho utabaki unasoma maneno yako mwenyewe. Hayo si unayo tayari? Kama una la kujibu, nitakufungulia ukurasa mwingine, uandike la kwako."

Mzee alishika kipanya. Kishale kilikuwa kinamemeta mwishoni mwa sentensi. Kubofya kidogo tu, na sentensi ile isingekuwepo tena. Kisha akaondoa mkono, akaendelea kusoma pale chini.

Binti aliona mabega yake yakishuka.

"Baba? Kuna nini?"

Kwa mara ya kwanza mzee hakulirudisha boksi kwenye kioo. "Hapa. Soma hapa tu."

Binti alisoma. *Fundi alichelewa kuja. Sikumwambia kamwe kwamba mzigo wangu niliufunga asubuhi ile ile niliyofika kwetu, nikauweka mlangoni, nikamngoja.*

"Alikuwa amefunga mzigo," alisema Mzee Soli. "Na mimi nilikuwa naogopa kwenda. Nilidhani hataki kuniona. Viatu vya watu nilivisingizia tu."

Tangu siku hiyo boksi halikurudi kwenye kioo. Binti alimtumia ndugu yake faili la maandishi pamoja na lile la picha, akaweka na nakala nyingine kwenye flashi kabatini. Alimwonyesha baba yake pia jinsi simu inavyoweza kusoma maandishi kwa sauti, maana sasa yalikuwa maandishi kweli. Mzee alisikiliza mistari michache.

"Zima. Huyu mwanamke simjui."

Alipenda kusoma mwenyewe, kwa herufi kubwa, kila alasiri akishafunga kibanda. Alivuta kiti, akapangusa mikono, akasoma ukurasa mmoja. Akafunga.

"Baba, zimebaki chache. Mbona humalizi?"

"Nitamaliza."

"Lini?"

Mzee Soli alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. "Leo ameniambia kitu ambacho sikuwa nakijua," alisema. "Nikimaliza zote, kesho ataniambia nini?"