Dakika Tano za Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya bibi yake. Ya pili, kutunga uzi kwenye sindano, maana Bibi alidai kwamba matundu ya sindano yalikuwa yakizidi kuwa madogo kila mwaka. Ya tatu, na ndiyo iliyomtoa jasho, ilikuwa kumnyamazisha Bibi kwa dakika tano.

Jina la Pini alipewa na wateja, kwa kuwa tangu utotoni alimshikia Bibi pini alipokuwa akiwapima. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina halikumtoka.

Bibi alikuwa na presha. Miezi miwili nyuma, nesi wa zahanati alimwomba ajiunge na utafiti. Watafiti walitaka kujua kama mgonjwa anayejipima nyumbani kila siku hutibiwa vizuri kuliko yule anayepimwa zahanati mara moja kwa mwezi. Nesi alimsomea karatasi nzima ya maelezo, akamweleza kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Bibi aliuliza maswali kumi na moja, kisha akatia saini. Akapewa mashine ndogo yenye mkanda wa kufunga mkononi, pamoja na daftari la kijani. Pini, mwenye mwandiko mzuri, akawa mpimaji na mwandishi.

Sharti lilikuwa kukaa kimya dakika tano, ndipo apimwe.

"Bibi, tumeanza. Usiongee."

"Siongei. Nani anaongea? Nakwambia tu kwamba siongei."

"Bibi!"

"Haya, nimefunga mdomo. Ila yule mteja wa gauni la bluu akija, mwambie..."

Pini akaanza kuhesabu dakika upya.

Mambo yaliharibika Pini alipochaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete. Mazoezi yalifanyika asubuhi, kabla ya kengele. Siku mbili za kwanza alichelewa.

"Afadhali umefika," nahodha alimtania mbele ya wote. "Tulidhani umekaa unatushonea wavu!"

Siku ya tatu Pini alifungua daftari, akaandika 128 juu ya 80. Zilikuwa namba nzuri. Nesi aliwahi kusema kwamba namba kama hizo ndizo zinazotakiwa.

"Leo hatupimi, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza, mdomo umejaa pini, kwani alikuwa na sare kumi na tano za kumaliza.

"Tutapima jioni, Bibi."

Jioni ilifika, wala hakuna aliyegusa mashine. Kesho yake Pini akaandika 126 juu ya 78. Siku zikafika tisa.

Jumamosi wakaenda zahanati. Nesi alifungua daftari mezani, akapitisha kidole kwenye kurasa, uso wake ukachangamka.

"Hongera, Mama! Presha imeshuka vizuri mno. Nitampelekea daktari daftari hili sasa hivi. Ikiwa ni hivi, huenda akakupunguzia dawa. Badala ya vidonge viwili, utameza kimoja."

"Kimoja!" Bibi akapiga vigelegele mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni. Akaanza kucheza mabega akiwa amekaa kitini.

Pini hakucheka. Alimkumbuka Babu. Babu naye alikuwa na presha, ila hakuna aliyewahi kuipima. Alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja alipoanguka, wala hakuamka tena. Pasi ile ilikuwa bado rafuni kwao. Bibi aliipangusa vumbi kila Jumapili, lakini nguo zote alizipiga kwa pasi nyingine.

Nesi alikuwa ameshasimama, daftari mkononi.

"Nesi, msimpunguzie," Pini akasema.

"Kwa nini tena?"

"Namba za siku tisa za mwisho... nimezitunga. Sikumpima. Nilikuwa nawahi mazoezi."

Bibi akaacha kucheza. Akamtazama mjukuu wake bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Pini akainamisha kichwa, machozi yakimdondokea magotini.

Nesi akakaa taratibu. "Sikumbuki lini nilimwona Mama akiwa kimya hivi," alisema hatimaye. "Tuitumie nafasi hii kumpima."

Akamfunga mkanda. Baada ya dakika tano mashine ikanguruma, ikalia. Ilikuwa 156 juu ya 94.

"Unaona?" Nesi alimwambia Pini. "Kama angepunguziwa dawa leo, tungekuwa tumeitibu namba yako tukamwacha bibi yako."

Bibi akapata sauti yake. "Mjukuu wangu, umewahi kuniona nikikata kitambaa kwa kukisia?"

"Hapana, Bibi."

"Hata mteja akiniambia, 'Fundi, wewe kata tu, mwili wangu unaujua'?"

"Unampima tena."

"Sasa gauni la mtu napima mara mbili, mimi mwenyewe unanikata kwa macho?" Kisha akapumua, akamvuta Pini karibu. "Lakini hata mimi nina kesi. Niliona hatupimi, nikanyamaza. Mwaka mzima naongea, na lililostahili kusemwa ndilo nikalinyamazia!"

Nesi alicheka, akachukua kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya kila namba ya uongo, ili bado isomeke, na kando yake akaandika: haikupimwa. Akampigia simu mkuu wa utafiti na kumweleza yote.

"Kwanza mbona mnapima asubuhi?" aliuliza alipokata simu.

"Si ulisema wakati uleule kila siku?" Pini akajibu. "Siku ya kwanza ulitupima asubuhi."

"Wakati uleule, ndiyo, lakini mnaouweza! Mkuu ameruhusu mhamie saa kumi na moja jioni."

Tatizo ni kwamba saa kumi na moja jioni duka la Bibi la ushonaji, palepale nyumbani, hujaa. Siku ya kwanza walikuwepo wateja sita, akiwemo Mama Mapacha na watoto wake wawili. Pini akasimama juu ya kigoda.

"Wapendwa, tunampima Fundi. Dakika tano, mtu asiongee!"

Duka zima likanyamaza. Mama Mapacha akawaziba watoto midomo. Bibi alifumba macho, midomo ikimtetemeka kwa maneno yaliyokuwa yakigombania kutoka. Dakika ya nne, pacha mmoja akachomoa mdomo wake mkononi mwa mama.

"Mama, Fundi amelala?"

Watu wakaangua kicheko, Bibi akiwa wa kwanza. Wakaanza upya.

Baada ya mwezi, Nesi alisoma daftari, akampima Bibi mwenyewe. Ilikuwa 132 juu ya 84.

"Hii ni kweli tupu," alisema. "Vidonge vitabaki viwili, maana sasa tunajua kwamba vinahitaji muda, lakini vinafanya kazi. Na hizi siku mbili zilizoandikwa 'haikupimwa'?"

"Moja ilikuwa fainali ya mpira wa pete," Pini alisema. "Tulizidiwa bao moja tu. Siku nyingine betri iliisha."

"Vizuri sana!"

"Vizuri betri kuisha?" Bibi alishangaa.

"Vizuri kwamba ameandika. Pini, wizara itasoma majibu yetu kabla ya kuamua kama zahanati zote zigawe mashine hizi. Siku isiyopimwa inatufundisha kwamba hata familia yenye bidii hushindwa siku nyingine. Namba ya kutunga ingetudanganya sisi, ikamdanganya daktari, ikafika kwa wagonjwa ambao hutawaona maishani. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Kwa kusema ukweli siku ile, ulimlinda bibi yako, na watu wengine wengi pia."

Jioni ile dukani, wateja walinyamaza bila kuambiwa. Pini alitazama saa, kisha akamtazama Bibi, macho ameyafumba, uzi umening'inia begani. Mashine ikanguruma, ikalia. Pini akaandika namba ileile aliyoiona.

"Tayari, Bibi. Unaweza kuongea."

Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Sasa," akasema, "yule mteja wa gauni la bluu..."