Kilichofichwa Uvunguni

Soko la Gikomba siku ya Jumamosi, hata sindano haina pa kuangukia. Waithera, mwanawe Ndanu mgongoni, alikuwa akichagua nguo za mtoto alipoliona shati la kijani lenye kola ndefu. Wiki tatu alikuwa akimtafuta mumewe Mativo, kumbe yuko hatua mbili tu, begi begani.

“Baba Ndanu.”

“Niite ulivyoniita mbele ya wapangaji wa ploti nzima.”

Alikuwa amemwita mchawi, pale bombani, majirani wakisikia. Uvunguni mwa kitanda alikuta kitu kimeviringishwa kitambaa chenye maji, kikafungwa uzi mwekundu. Mamake alishamwonya kuhusu kabila la mumewe: Mkamba akikuficha kitu, usingoje kuuliza. Hakuuliza. Alikitupa kwenye makaa ya jiko kikateketea.

“Kilikuwa nini?” akauliza sasa.

“Twiga wa mti, kichezeo cha mtoto. Shingo ilianza kupasuka, nikaifunga uzi. Mti mbichi hukaushwa polepole, gizani, ukiwa ndani ya kitambaa chenye maji usipasuke. Mchongaji mwenzangu yeyote wa Shauri Moyo angekwambia. Wewe hata hukufungua.” Akageuka. “Basi la Mombasa linaondoka saa kumi.”

Maneno yakamjaa Waithera kinywani: mwenye kiburi, mkaidi, wanaume wote ni wamoja. Lakini mwalimu wake wa masomo ya jioni kule Makadara hakuchoka kuwaambia: andika unachokiona kabla ya unachokidhani. Akatazama. Aliona kidole gumba cha Mativo kimefungwa tambara. Aliona mashavu yaliyobonyea.

“Hujala.”

“Umekuwa daktari siku hizi?”

“Nililolisema bombani nitalifuta bombani. Twende, mpenzi. Ukitaka kuondoka baadaye, sitakushika shati.”

Mativo akamfuata kama anayesindikiza jeneza.

Bombani, kwenye ploti, wanawake walikuwa wakikinga maji. Jirani yao Mama Phares alipomwona Mativo, akafunika ndoo yake kwa sahani.

“Huyu si mchawi,” Waithera akasema. “Mimi ndiye niliyechoma kichezeo cha mtoto bila kukifungua.”

Mama Phares akacheka puani. “Ni mapenzi hayo, mwanangu, ama umelishwa kitu?”

Waithera alifungua leso, akamtoa Ndanu mgongoni. Akasita, mtoto kifuani; maneno ya mamake hayakuwa yamemtoka yote.

“Mshike.”

“Unaogopa,” Mativo akamwambia kwa sauti ya chini.

“Naogopa. Mshike hivyo hivyo.”

Mativo akaweka begi chini, pale pale kwenye matope, apate mikono miwili.