Kalipa Iliyopinda

Kila nilipotoka shule nilivua sare, nikala chochote kilichokuwepo, kisha nikaenda karakana kuwa macho ya baba. Baba alikuwa fundi wa vyuma. Mikono yake ilikuwa hodari, lakini hakuweza tena kuona mistari midogo ya kalipa, kile chombo cha kupimia unene. Mimi nilipima na kumsomea namba, yeye akakata chuma.

Tulikuwa tunaunda mashine ya kumenya karanga kwa ajili ya kikundi cha akina mama kilichoongozwa na shangazi. Wakiipenda, wangeagiza kumi. Wakiikataa, baba angefunga karakana na kwenda kutafuta kibarua mbali, nami ningebaki kwa shangazi.

Mashine ilisaga karanga badala ya kuzimenya. Baba akabadilisha mpira wa roli, ile silinda inayosugua karanga juu ya chekeche. Ikasaga. Akapunguza mwendo, akabadilisha chekeche. Jaribio la tano, shangazi akachota kilichotoka.

"Kaka, tuliomba karanga, wewe unatupa unga! Au nafasi kati ya roli na chekeche ni ndogo?"

"Nafasi haina tatizo," baba akajibu, akanishika bega. "Ameipima huyu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki tatu nyuma kalipa iliniponyoka ikaanguka sakafuni, ncha yake ikapinda. Tangu siku hiyo, nikiifunga, ilisoma milimita mbili badala ya sifuri. Niliogopa kusema. Nikajidanganya kwamba milimita mbili si kitu.

Jumamosi asubuhi shangazi alirudi, hana utani hata kidogo. Kikundi kilikuwa kimeshanunua mashine kwingine. Alipoondoka, baba alianza kufunga vifaa vyake kwenye sanduku, kimoja kimoja, akivifuta mafuta kana kwamba anavitunza kwa safari ndefu.

"Baba," nikasema, nikalia. "Mashine haina kosa. Kalipa ilianguka. Nilijua, nikanyamaza."

Hakunigombeza. Alitoa biti mpya ya drili, ile ncha ya kutobolea, iliyoandikwa unene wa milimita kumi, akanipa. "Pima."

"Kumi na mbili," nikasoma.

Baba aliketi juu ya sanduku, akainamisha kichwa. Nilitamani anichape. Kisha akainuka, akakata upya vipande vya chuma vinavyotenganisha roli na chekeche. Kabla ya jua kuzama karanga zilitoka nzima, nyekundu, hata moja haikupasuka. Tulizitazama tu. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Jumatatu, kabla hajapanda basi, alinipa ile kalipa. Nilishangaa.

"Si imeharibika, baba?"

"Imepinda. Chombo kilichopinda bado kinapima, mwanangu, mradi aliyekishika aseme kimepinda kiasi gani. Mimi sikuangushwa na chuma. Kuangusha kitu ni ajali, humpata kila fundi. Kuficha ndiko kulikotugharimu karakana. Haya, ifunge. Inasoma ngapi?"

Nilitazama mistari kupitia machozi. Kusema kweli sasa hakukuwa na faida yoyote, basi lilikuwa linanguruma na shangazi alikuwa amenishika mkono.

"Mbili, baba," nikasema kwa sauti.

"Basi kila ukipima, toa mbili," akasema, akapanda.