Kreti Namba Kumi na Saba

Mume wangu anaendesha gari la mikate. Wenzake kazini wanamwita Dakika, kwa sababu kwa miaka tisa hakuwahi kuchelewa. Angalau ndivyo kitabu chake cha safari kilivyosema. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kupima, na laiti ningekipima kile kitabu mapema.

Mambo ya kitabu ni haya. Kila duka analoshushia mikate, dereva anaandika saa aliyofika, na mwenye duka anatia sahihi. Lakini alfajiri foleni ya kupakia ni ndefu, na madereva wanakaa bure kwenye usukani. Basi wanajaza saa zote kabla hata ya kuwasha gari. Duka la kwanza, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Duka la pili, saa moja kasoro dakika kumi. Mwenye duka anasaini bila kutazama, maana mikono imejaa mikate. Mume wangu alinionyesha siku moja huku anacheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne moja alirudi mchana, akaketi mezani, hakula.

"Leo nimempeleka mtu zahanati," akasema.

"Nani?"

"Mwanamke wa baiskeli. Alianguka."

"Alianguka mwenyewe?"

Akanywa maji kwanza. "Alianguka."

Mwanamume huyu ninamjua. Akirudia neno, ujue kuna nusu amebaki nayo. Lakini nilikuwa na sare za shule zimenijaa mezani, nikaacha. Jioni akaniambia tena kwamba wamemgombeza stoo, kreti moja ya mikate haikurudi. Nayo nikaiacha.

Alhamisi polisi walifika kiwanda cha mikate wakamchukua. Meneja wake alimwekea dhamana, akarudi nyumbani saa tisa alasiri, uso umemshuka. Alitakiwa kurudi kituoni Jumatatu kuandika maelezo. Alituhumiwa kumtelekeza majeruhi kwenye ajali na kuondoka bila kutoa taarifa.

Hapo ndipo nusu iliyobaki ilipotoka. Kwenye kona nyembamba karibu na shule, kioo cha pembeni cha gari lake kiligusa usukani wa baiskeli. Mwanamke akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Mume wangu alisimama. Alimnyanyua, akamweka kiti cha mbele, akampeleka zahanati. Pale alimwambia muuguzi, "Huyu mama ameanguka," kisha akaondoka kwenda kushusha mikate. Jina lake hakulisema. Polisi hakwenda.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Niliogopa. Nikasema nimalize maduka kwanza, halafu nitakwenda. Nilipomaliza maduka nikasema kesho."

Nilikasirika, sitaficha. Niliwasha cherehani nikashona mshono mrefu usio na maana yoyote, ili nisiseme neno ambalo ningelijutia.

Kaka yangu, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alikuja mbio baada ya kusikia. Ana moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Shemeji, hili dogo," akasema. "Jumatatu sema hukusikia kitu. Gari la mikate lina kelele, kreti zinagongana. Nani atabisha? Na kile kioo kilichokwaruzika nakibadilisha leo hii, kinakuwa kipya."

Mume wangu alimtazama kama mtu aliyerushiwa kamba akiwa shimoni. Nikaona anaishika. Nikatoka nje, nikamgongea jirani.

Jirani yetu ni msaidizi wa kisheria. Anafanya kazi ofisi ya msaada wa kisheria, inayowasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Nilikuwa na sketi yake ya kufupisha tangu wiki iliyopita. Alipoingia, alidhani nimemwitia sketi.

Alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akamgeukia kaka yangu.

"Wewe fundi, kile kioo usikiguse. Ukikibadilisha, unaficha ushahidi, na kesi zitakuwa mbili, moja yake, moja yako."

Kaka yangu akaingiza mikono mifukoni.

"Na wewe, shemeji, ukisema hukusikia kitu, umejifunga. Ulisimama kweli?"

"Nilisimama."

"Ulimbeba?"

"Kwa mikono hii."

"Sasa kwa nini unataka kuitupa nguzo yako? Anayekimbia ni yule anayemwacha mtu chini. Wewe kosa lako ni jingine, na ni kosa kweli. Sheria inakutaka usimame, usaidie, utaje jina lako na gari lako, kisha utoe taarifa polisi mapema. Kumpeleka majeruhi hospitali kunaruhusiwa. Lakini pale zahanati ulipaswa kusema wewe ni nani, kisha uende kituoni moja kwa moja. Mikate ingesubiri."

"Sasa nitasema nini Jumatatu?"

"Kwanza hutakwenda peke yako. Una haki ya kuwa na wakili, nami kesho nitakupeleka kwa wakili wetu. Una haki ya kuelezwa unatuhumiwa nini, kwa lugha unayoielewa. Unaweza kunyamaza mpaka ushauriwe, hiyo si dhambi. Ukiamua kueleza, eleza kilichotokea tu. Wakishaandika, omba usomewe neno kwa neno kabla ya kusaini. Usisaini kama unavyosaini vitabu vya mikate."

Hilo la mwisho alilisema kwa utani. Lakini mume wangu alishika kichwa.

"Kitabu," akasema taratibu. "Kitabu kinasema saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano nilikuwa duka la kwanza. Saa hiyo hasa nilikuwa ninambeba yule mama."

Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameandika kwamba hakusimama popote.

"Kuna aliyekuona ukimnyanyua?" jirani akauliza.

Hakuna aliyemwona. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisikia kishindo, akaliona gari likiondoka, akashika namba. Lakini gari lilikuwa limemkinga, asione kilichofanyika upande wa pili. Alipovuka, alikuta baiskeli tu imeegemezwa ukutani.

"Na huyo mama anasemaje?"

"Polisi wanasema hakumbuki sura. Ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa na kizunguzungu."

Niliwaza kwenda kwa huyo mwalimu kumpigia magoti. Jirani akanizuia.

"Dada, kuomba radhi ni vizuri, na siku yake itafika. Lakini kesi ikiwa inaendelea, ukimfuata shahidi nyumbani kwake, itaonekana unamshawishi. Salamu zenu zipitie kwa wakili. Tutafute kitu kingine. Shemeji, pale zahanati uliacha chochote?"

"Sikuacha kitu," akasema mume wangu. "Benchi lilikuwa limejaa. Nilimkalisha, nikaondoka."

"Ulimkalisha wapi, kama benchi limejaa?" nikauliza mimi.

Hapo nikakumbuka walivyomgombeza stoo.

"Ile kreti yako iliyopotea," nikasema, "ilikuwa namba ngapi?"

Ilikuwa kumi na saba.

Kesho yake asubuhi, baada ya kuonana na wakili, tulikwenda zahanati sisi wanne: wakili, jirani, mume wangu na mimi. Tuliingia mlangoni, na kabla sijauliza neno nikaiona. Kreti nyekundu ya plastiki, imegeuzwa juu chini kando ya benchi, na mzee mmoja ameikalia akisubiri dawa. Ubavuni imeandikwa namba 17 kwa rangi nyeupe. Nilitaka kuikumbatia, ila mzee angeshangaa.

"Usiivute," wakili akaninong'oneza. "Ibaki ilipo."

Aliomba ruhusa, akaipiga picha, akaomba nakala ya daftari la mapokezi. Jina la mwalimu lilikuwapo, na saa: kumi na mbili na dakika hamsini. Pembeni yake iliandikwa, "Ameletwa na msamaria, hakutaja jina." Muuguzi alimtazama mume wangu.

"Ni wewe," akasema. "Uliniambia ameanguka. Kama ungesema amegongwa, ningemwita daktari haraka zaidi. Tulimsubirisha robo saa."

Nadhani neno lile lilimuuma mume wangu kuliko polisi. Mwalimu alikuwa amepona, shukrani kwa Mungu. Lakini robo saa ile ilikuwa yake, na alijua.

Jumatatu alieleza ukweli mbele ya wakili, akasomewa, akasaini. Hata hivyo, miezi michache baadaye, kesi ilikwenda mahakamani, kwa kuwa maneno yake na kitabu chake vilipingana. Ikithibitika kwamba alikimbia, angepoteza leseni, pengine kufungwa. Na akikiri kuhusu kitabu, angeweza kupoteza kazi. Siku ya kesi meneja aliketi safu ya mbele.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo hakulala vizuri. Aliniuliza mara moja tu, "Nikisema kuhusu kitabu, na wenzangu je?"

"Wenzako hawakumgonga mwalimu," nikamwambia. "Sema yako."

Mahakamani mwalimu wa chekechea aliitwa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, sauti yake ya kuwanyamazisha watoto. Alisema aliyemgonga alikimbia.

Wakili wetu akasimama. "Mwalimu, nani alikupeleka zahanati?"

"Msamaria mmoja. Simjui. Mungu ambariki popote alipo."

"Unakumbuka chochote?"

"Gari lake lilinukia mikate. Na alinikalisha kwenye kreti, nilishika kingo zake nisianguke."

Hakimu akainua kichwa, akaweka kalamu chini. Wakili akatoa picha ya kreti namba kumi na saba, nakala ya daftari la mapokezi, na karatasi ya stoo ya kiwanda iliyoonyesha kreti hiyo ilitoka na gari la nani. Muuguzi naye akaeleza aliyoyaona.

Mwendesha mashtaka hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akainua kitabu cha safari. "Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano ulikuwa dukani. Sahihi hii hapa. Tuamini kitabu, au tuamini kreti?"

Mume wangu alimtazama meneja wake, kisha hakimu.

"Mheshimiwa, kitabu ni cha uongo. Saa zote huwa nazijaza kabla ya kuondoka. Siku zote nimefanya hivyo. Siku ile nilifika duka la kwanza saa moja na dakika tano. Nilimgonga mwalimu, nikampeleka, nikaogopa kusema jina langu. Hilo ndilo kosa langu."

Sikuthubutu kumtazama meneja. Nilitazama mikono yangu.

Hakimu alisema ushahidi haukuonyesha kwamba alimtelekeza majeruhi, akamwachia kwa shitaka hilo. Kwa kosa la kutojitaja na kutotoa taarifa, alilokiri, alimpa onyo kali. Alimwambia kwamba woga wake ulimcheleweshea mtu daktari, na kwamba safari nyingine hatasikilizwa hivyo.

Nje, mwalimu alikuja hadi tulipo. Mume wangu akaomba radhi, kichwa chini. Mwalimu alimtazama, macho yakaishia miguuni.

"Miezi hii yote," akasema, "nimekuwa nikiwaombea watu wawili. Mmoja abarikiwe, mmoja ateguke mguu. Kumbe ni mtu mmoja."

"Samahani sana, mwalimu."

"Sasa sijui dua gani ilipokelewa," akasema, akamshika mkono. "Tembea nikuone."

Mume wangu akapiga hatua nne pale uani mwa mahakama. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Meneja hakumfukuza. Alimpa onyo lake la maandishi, kisha akawaita madereva wote, akaona vitabu vyote ni vya aina moja, akaona aibu. Sasa saa inaandikwa mlangoni mwa duka, na mwenye duka anaitazama kabla ya kusaini. Anayechelewa kwa sababu ya maana hagombezwi. Jirani yetu alikwenda kuzungumza na madereva, na kila gari lina karatasi karibu na usukani yenye namba ya kituo cha polisi na ya ofisi ya msaada wa kisheria. Mwezi jana dereva mmoja aligusa pikipiki. Alisimama, akataja jina, akapiga simu polisi palepale. Mchana alikuwa anakula na wenzake.

Stoo ilitaka kreti yake. Mume wangu alikwenda kuichukua, akakuta mama mjamzito ameikalia, akarudi mikono mitupu. Meneja alifungua daftari la stoo, na mbele ya namba kumi na saba akaandika: "Ipo zahanati. Isirudishwe."