Siku Akiteng Alipokabidhi Ruhusa

Walikutana mpakani Busia, katikati ya foleni ya malori. Akiteng alikuwa na gauni la kitenge cha manjano, simu ameibana begani, na Ochwo, fundi wa breki kutoka Tororo, akamkanyaga kiatu. Akainama akakipangusa kwa leso yake mwenyewe. Mwanamume wa namna hiyo haachwi hivi hivi, na Akiteng hakumwacha.

Tatizo lilikuwa simu. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani alikofanya kazi Akiteng ilikuwa na tovuti mbili za ndani, moja ya Busia na moja ya Tororo, zenye hati za kila lori. Akiteng peke yake ndiye aliyeweza kumruhusu karani kuingia. Mara mbili alikuwa njiani kwenda Nagongera kutambulishwa kwa mama yake Ochwo, na mara mbili karani aliyekwama alimpigia, akamgeuza mwenye boda boda, akarudi kwenye kompyuta. Ochwo akaamini anawakimbia watu wake.

"Mama anachinja kuku mara mbili, na wewe hakuna," alimwambia kwenye simu, kwa upole uliomtisha Akiteng kuliko ukali. "Jumamosi ukikosa tena, mimi najua hutaki sisi, mpenzi."

Akiteng akalia, kisha akajikasirikia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bosi alishamwambia zamani amkabidhi mtu. Yeye ndiye aliyependa kuonekana kazi haiendi bila yeye. Ijumaa akaketi na Prossy, mwenzake wa Tororo, akamkabidhi usimamizi wa tovuti ya huko: kuongeza watu na kuwaondoa.

"Na nikikosea?" Prossy akauliza.

"Utarekebisha. Mimi nimekosea mara ngapi?"

Jumamosi mchana, Nagongera, ndiyo kwanza wameanza kula, simu ikalia. Ochwo akaacha kutafuna. Akiteng akaipokea mbele ya wote.

"Karani mpya alikwama," Prossy akasema. "Nimeshamruhusu, lori limeondoka. Wewe kula tu, dada."

Akiteng akapumua kama aliyetuliwa gunia kichwani. Machozi yakamtoka huku anacheka, akaizima simu.

"Ni kazini, mama," akaeleza. "Wamemaliza bila mimi."

Ochwo, haya imemjaa usoni, akamgeukia mama yake. "Mama, tunakwenda lini kwao kumposa?"



"Jumamosi ijayo," Akiteng akadakia kabla ya mama. "Nina nafasi."